Nimeshakula

Siku hizo sura na sauti za marehemu zilihifadhiwa ndani ya mchezo wa kompyuta wa miungu ya Kiyunani, ng'ambo ya mto wa wafu. Mjane akivaa miwani, huvuka akamsalimia mumewe. Bi Mwanakombo alijua fika kwamba roho ya mumewe Mbwana iko kwa Mola. Lakini sauti ya mtu nayo huonewa kiu.

"Sheria mbili, mama," bintiye Salha alimwambia, akimvisha miwani. "Kule unalolisema ndilo ulilolitenda. Na anayekula kule harudi."

"Nile vya kuzimu mimi? Wewe bandika chai, nakuja sasa hivi."

Akavuka. Maji yalikuwa meupe kama maziwa, hayana kishindo. Mbwana alikuwa amekaa jamvini chini ya mkomamanga, kofia imeinama upande kama zamani, na mbele yake, sahanini, komamanga lililopasuliwa.

"Mama Salha! Ushanichosha kwa kungoja. Karibu tule."

Punje zilimeta. Bi Mwanakombo akaurudisha mkono kifuani, akajibu kwa adabu aliyofunzwa tangu utotoni, jibu la kila mgeni asiyetaka kula kwa watu:

"Ahsante, Baba Salha. Mimi nimeshakula."

Sahani ikawa tupu. Utamu mkali ukamjaa mdomoni. Mbwana akajisogeza, akampa nafasi jamvini.

Kwa mbali, kama kutoka chumba cha pili, Salha aliita, "Mama, vua miwani, chai inapoa!"

Bi Mwanakombo akapapasa usoni. Akazikuta kope zake tu.