Tindo na Nyundo

Spana maalum ya nati ya habu, kitovu cha gurudumu, ilikuwa imepotea, na gari la zahanati lilitakiwa kuvuka mlima na chanjo kabla barafu ya kuzipoza haijayeyuka. Binti akachukua tindo na nyundo, akawa anaikaza nati kwa kuigonga pembeni, kidogo kidogo, kama alivyofundishwa na baba yake.

Baba alikaa kando juu ya ndoo iliyopinduliwa. Tangu macho yapofuke, kazi zote alizikagua kwa masikio.

"Ongeza moja," alisema.

Binti akalizungusha gurudumu. Lilizunguka laini, bila kuchezacheza. Akainua nyundo, kisha akaishusha.

"Hapana, baba. Nikikaza zaidi, beringi itaungua mlimani."

Katika gereji ile, hakuna aliyewahi kumkatalia mzee. Dereva wa zahanati, aliyekuwa akisubiri, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Mzee akainuka, akapapasa mpaka kwenye gari, akalisukuma gurudumu kwa kiganja. Akatega sikio hadi liliposimama lenyewe.

"Funika habu," alisema taratibu. "Shusha jeki."

Gari lilipokaa chini, akapapasa mlango wa abiria, akapanda, akafunga mkanda.

"Twende," akamwambia dereva.