Kiboko na Nyumba ya Karatasi

Zamani hizo Kiboko alichoka kulala topeni, akataka nyumba. Akamwita Nyigu, fundi aliyejenga kwa karatasi aliyoitafuna mwenyewe.

Nyigu akaja na mchoro. Ilikuwa nyumba nyepesi kama unyoya, na barazani ameketi Kiboko mwembamba kama korongo, anatabasamu. Kiboko hakuitazama nyumba hata kidogo. Alijitazama yeye.

"Hii hii," akasema. "Jenga."

Nyumba ilipokwisha, Kiboko akatia mguu mmoja, sakafu ikapasuka. Akaegemea ukuta, ukuta ukamlalia mgongoni.

"Fundi, umeniharibia," akanguruma.

Nyigu akamkunjulia mchoro. "Bwana mkubwa, nyumba ndiyo hiyo hiyo. Asiyefanana na mchoro ni wewe."

Kiboko akaona haya. Tangu siku hiyo akasusa majani.

"Mume wangu, kula," mkewe akamsihi. "Utakwisha ubaki picha."

Hakusikia. Alikonda mpaka mbavu zikahesabika, na Nyigu alipokwisha kuziba nyufa, akaingia ndani na sakafu haikulia. Akaketi barazani, akatabasamu vilevile kama mchoroni.

Mara ukavuma upepo. Nyumba ikanyanyuka na mwenyewe ndani, ikapita juu ya miti.

"Fundi, napeperuka," Kiboko akalia.

"Tulia, bwana mkubwa," Nyigu akajibu kutoka chini, mkaa mkononi, ameinamia mchoro wake. "Nakuchorea mbawa."

Kiboko akafikiri.

"Za rangi gani?" akauliza.