Yayra Anaondoka

Joanne alikuwa amechoka kupaka rangi ukuta ambao haukuhitaji rangi. Pale rangi ya zamani ilipobanduka ilionekana bluu iliyopakwa na wageni wa Pasaka, na chini ya bluu, njano ya wengine waliowatangulia. Jua la mji wa Ho lilimpiga utosini. Wenzake wa kanisani kwao Amerika walikuwa uani wakiimba na watoto yatima pambio lile lile la tangu asubuhi, na makofi yalikuwa yamelegea, ya wageni na ya watoto.

"Yevu, maji."

Aliyemwita hivyo, yaani mzungu kwa Kiewe, lugha ya pale, alikuwa Yayra, mtoto mdogo ambaye hata meno yalikuwa hayajaanza kung'oka, kashika kikombe cha plastiki kwa mikono miwili. Joanne alikaa chini akanywa. Kwa ajili ya huyu alikuwa amerudi Ghana. Mumewe alikuwa amefariki, nyumba yao imepoa, na Mchungaji Agbeko, mwenye makao yale, alikuwa amemhakikishia kwamba mtoto hana mtu duniani. Mahakama ilikwisha kukubali amlee kama mwanawe. Kesho wangeondoka wote wawili.

"Nani kakupa maji haya?"

"Dada," Yayra alisema, akinyoosha kidole jikoni.

Dada alikuwa msichana mwembamba aliyepikia makao. Kutwa alisonga akple, ugali wa kwao, kwenye sufuria kubwa, jasho likimchuruzika shingoni. Mara ya kwanza Joanne alipomwita Dada, mwiko ulimponyoka. Alimtupia jicho mchungaji, akainama kuuokota. Siku hizi aliitika tu, kwa sauti ya mtu asiye na nguvu za kubishana.

Mchungaji alitokeza mlangoni. "Wewe Yayra! Nikwambie mara ngapi? Mwite Anti, kama wenzako!" Kisha akamgeukia Joanne akicheka. "Huyu mtoto wa jikoni, bwana. Anajipendekeza apewe ukoko."

Jioni Joanne aliingia jikoni kuaga. Dada alikuwa kwenye kigoda, amembana Yayra katikati ya magoti, anamsuka. Alisuka polepole mno, na kila alipofika mwisho alifumua akaanza upya.

"Inatosha, Dada. Kapendeza."

"Bado hazijakaa sawa." Hakuinua macho. "Usiku akiweweseka usimwamshe. Mshike mguu tu, atatulia. Na pilipili atakwambia hataki. Muongo, anataka."

"Unamjua sana."

"Nimekuwa naye."

Yayra alisinzia, kichwa kikaangukia paja la msusi. Dada akakirudisha taratibu, akaendelea.

"Huko kwenu shule ni nzuri?"

"Nzuri."

"Na akiugua?"

"Hospitali iko karibu. Hata kwa miguu unafika."

"Mvua ikinyesha je? Nyumba haivuji?"

"Haivuji."

Vidole vya Dada vilisimama kwenye nywele. "Basi," alisema mwishowe, na ilikuwa kama kazi yote ya siku ile imemwangukia mabegani mara moja. "Basi mchukue."

Joanne alishangaa kidogo. Hakuwa amemwomba ruhusa. Lakini alikuwa hoi, na kila mtu pale alikuwa hoi, akalipuuza neno lile akaenda kulala.

Asubuhi basi la wenzake lilitangulia. Yeye na Yayra walipanda teksi iliyotumwa kutoka Accra kuwachukua. Watoto waliimba wimbo wa kuaga, wengine wakalia, kama walivyolilia kila kundi lililokuja na kuondoka. Dada hakulia. Alipiga magoti getini, akafungua kamba za viatu vya Yayra, akazifunga tena vile vile zilivyokuwa. Akamnong'oneza kitu kwa Kiewe.

"Asante kwa yote, Dada," Joanne alisema dirishani.

Yule msichana aliitika kwa kichwa, akageuka kwenda jikoni kabla gari halijaondoka.

Yayra naye hakulia. "Dada kasema nisilie," alieleza, kama mtu aliyepewa kazi ngumu akaikubali. Alijikaza hivyo, midomo kaibana, mpaka usingizi ukamchukua mapajani mwa Joanne.

Walikuwa wamekwisha kuvuka daraja la mto Volta dereva alipoanza kucheka peke yake. Alikuwa mtu mzima mwenye tumbo, jina lake Selorm, na tangu getini hakuwa amesema lolote.

"Kuna nini?" Joanne aliuliza.

"Aa, Madamu, unisamehe. Nimejizuia tangu kule, nimeshindwa. Mtu mwenye mvi zako, unamwita kibinti kile Dada, na mbele za watu!"

"Si ndilo jina lake?"

"Jina!" Selorm alipiga usukani kwa kiganja. "Kwa Kiewe hilo si jina, Madamu. Mtu humwita hivyo mama aliyemzaa."

Joanne alitazama barabara hadi kicheko cha dereva kikaisha chenyewe. Kisha akamgusa begani.

"Geuza gari."