Sahihi ya Mjane

Kijiko kiligonga kikombe jikoni mara moja, kisha kikanyamaza. Kulikuwa bado giza, na mtu alikuwa akibisha hodi.

Mke wa dereva alifungua. Mlangoni alisimama katibu wa chama cha madereva na makondakta, na nyuma yake kondakta mnene waliyemwita Kipenga, amekumbatia mfuko wa sukari. Katibu alivua viatu bila kuambiwa, akauegemeza mwavuli wake ukutani, chini ya kofia iliyolowa mvua, iliyoning'inia msumarini.

"Kaa kwanza, shemeji," alisema.

Mwanamke akaketi. Kwa miaka kumi na mmoja mwenyekiti wa chama alikuwa akipita bila kupingwa, kwani kila aliyejitokeza kumpinga alipatwa na jambo. Leo saa mbili asubuhi, kwa mara ya kwanza, karatasi ya kura ingekuwa na majina mawili: lake, na la mume wa mwanamke huyu.

Katibu alieleza kwa sauti ya chini. Basi la usiku, lile la mume wake, lilikufa breki kwenye mteremko wa daraja. Likaingia mtoni. Dereva hakupona.

Kipenga alianza kulia, machozi ya kweli, akamshika bega mama wa watu.

Kisha katibu akatoa fomu. Kanuni iko wazi, katibu alisema: mgombea akifariki, mjane akatia sahihi kabla kura haijaanza, jina linaondolewa na uchaguzi unaendelea. Asipotia, unaahirishwa.

"Tumpumzishe mwenzetu, shemeji."

"Umemwona wewe mwenyewe?"

"Macho nimemfumba kwa mkono huu."

Mwanamke alimwomba ayaandike hayo nyuma ya fomu, maana wakwe zake ni watu wa maswali na yeye leo hana kichwa cha kukumbuka. Katibu aliandika yote, breki, mteremko, macho, akatia sahihi, akagonga na muhuri wa chama juu yake. Kipenga alipotaka kalamu awe shahidi, mwanamke alimzuia mkono taratibu.

"Wewe acha, kaka. Wewe umelia."

Akaikunja fomu mara nne, akaitia kifuani.

"Bado sahihi yako, shemeji," katibu alimkumbusha.

Jikoni, kijiko kilianza tena kukoroga.

"Asante kwa kunizika vizuri, katibu," ilisema sauti ya dereva. "Lile basi halikuvuka hata geti la stendi. Nilikanyaga breki mara moja tu, nikajua zimechezewa, nikarudi nyumbani kwa miguu. Baada ya kura, njoo tena unitembelee."