Taa ya Zambarau

Tangu taa za kura zifungwe milangoni, kila nyumba huwaka rangi ya chama ilichokipigia kura mpaka uchaguzi mwingine. Mtaa wetu una nyumba arobaini, zote bluu au nyeupe. Yangu tu ndiyo ya zambarau, rangi ya chama cha tatu.

"Shoga, kura umeitupa," jirani yangu Mama Nyamizi alinicheka mbele za watu. Jioni akaja kuomba chumvi. "Hata mimi nilikitaka hicho chako," akaninong'oneza, "ila nilijua hakishindi."

Kesho yake akaja mwingine kuomba chumvi, na maneno yaleyale. Kufikia Ijumaa chumvi iliniishia. Nilikuwa nimegawia nyumba ishirini na sita, na taa ya zambarau bado ilikuwa moja.