Niite Mama

"Tena," alisema Agnela. "Mimi ni nani?"

"Mama."

"Na huyu?"

"Abdiel. Mdogo wangu."

"Usimung'unye. Mwalimu mkuu anataka mtoto anayesema akasikika."

Namnyaki, miaka tisa, alirudia hadi neno hilo likauzoea mdomo wake. Kwa miaka mitatu hakuwa na wa kumwita mama. Wazazi wake wote walikuwa wamefariki, naye alibaki kwa bibi huko Oldonyo Sambu, akichunga mbuzi na kushika namba moja darasani kila muhula. Agnela alikuwa mke wa Parsimei, baba yake mdogo, dereva wa watalii. Walimfuata wenyewe kwa gari. Bibi hakuona uongo hata chembe. "Mtoto wa kaka yako ni mtoto wako," alimwambia Parsimei. "Huko shuleni semeni hivyo hivyo."

Shule yenyewe ilikuwa ya mtu binafsi, ya Kiingereza, mojawapo ya zile zilizokuwa zikichipuka Arusha miaka hiyo ya tisini kila palipopatikana kiwanja. Watoto mia mbili waligombea viti kumi. Abdiel, mtoto wao wa kumzaa, alishafanya usaili mwaka uliopita akaangukia pua. Malaria, alisema mama yake, ingawa siku ile mgonjwa alimaliza sahani mbili za chipsi.

Nyumbani kwao, mtaa wa Sakina, Namnyaki alilala kwenye kitanda chenye shuka na kunywa maziwa asubuhi na jioni. Umeme ukikatika, Agnela alimshikia taa asome. Mchana, Joyce, dada wa kazi, alimfundisha kuwasha jiko la mchina la mafuta ya taa, kupiga deki na kupika makande yasishike chini. Joyce alikuwa anaolewa baada ya Krismasi na hakuwa na haraka ya kumaliza kazi peke yake.

"Msichana lazima ajue kazi," alisema Agnela. Namnyaki alifurahi, maana hata marehemu mama yake alikuwa akisema hivyo.

Novemba akafanya usaili. Jina lake lilibandikwa ubaoni, la kwanza. Agnela alimkumbatia mbele ya wazazi wote, akalia machozi ya kweli. Namnyaki hakuwahi kumliza mtu kwa furaha, na alitamani siku ile isiishe.

Wiki mbili baadaye wakarudi na Abdiel. Safari hii hakukuwa na mtihani. Utaratibu wa shule ulikuwa wazi: mtoto akishaandikishwa, ndugu yake anaingia bila usaili.

Mwalimu mkuu, mama mwenye miwani mizito, aliwatazama kwa zamu. Namnyaki na Abdiel hawakufanana hata kucha.

"Namnyaki, huyu ni nani wako?"

"Mdogo wangu, mwalimu."

"Na huyu?"

"Mama."

Hakumung'unya. Mwalimu mkuu akagonga muhuri.

Kutoka hapo walipitia kwa fundi wa nguo, mtaa wa Levolosi. Agnela alinunua sweta moja la bluu. Akampima Namnyaki, halafu akampima Abdiel, ambaye alikuwa mdogo kwa mwaka mmoja ila mwili wake umeshiba. Likawatosha wote. Kaptura ya Abdiel ilikuwa tayari; sketi, fundi alikuwa hata hajakata kitambaa.

"Itakuja," alisema Agnela.

Jumatatu ya kufungua shule, Namnyaki aliamka kabla ya wote. Nyumba ilikuwa kimya. Parsimei alikuwa porini na wageni, na Joyce aliondoka Jumamosi na sanduku lake. Namnyaki akavaa sweta juu ya gauni lake la kanisani, akakaa sebuleni na penseli mbili mpya, akisubiri sketi.

Agnela akatoka chumbani na Abdiel, kaptura imenyooshwa pasi.

"Vua taratibu, usilitanue shingo," alisema, akinyoosha mkono.

Alimvalisha Abdiel sweta likiwa bado na joto. Akachukua zile penseli, akazitia kwenye mfuko wa mtoto. Kisha akaenda jikoni, akarudi na kanga ya kazi ambayo Joyce aliiacha nyuma ya mlango, akamwekea Namnyaki mapajani.

"Anza na vyombo. Na kuanzia leo, uniite Mama Abdiel."