Salfa Mlangoni kwa Mwanakheri

"Umekaanga, Mwanakheri! Kipima-hewa hakina kinyongo na mtu!" alifoka jirani yake, Rukia.

"Shoga, tangu jua lirudi nala vya kuchemsha, hata ulimi umesahau kitunguu!"

Mtaani kwao, pwani ya barafu ya Ncha ya Kusini, watu wa nyumba iliyochafua hewa kwa moshi wa jiko walirudishwa makwao kwa meli ya kwanza. Taa ya kipima-hewa mlangoni kwa Mwanakheri ilikuwa nyekundu, na majirani walijaa ukumbini kama wako harusini. Yeye alishaanza kuwaza vipi atawafungia watoto mabegi.

Mpimaji wa hewa, Bwana Makame, akafika na majibu. "Si moshi. Kipupwe chembe za hewani huwa chumvi tupu. Barafu ikipasuka, mwani huamka baharini, na hewa hujaa salfa yake. Mashine imedhani ni jiko."

Mwanakheri aliketi sakafuni, akacheka mpaka machozi. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

"Lakini mwaka jana, mwezi kama huu," alisema Rukia, jirani aliyemshtaki, "bahari ilikuwa bado barafu ngumu, tukitembea juu yake."

Vigelegele vikafifia. Bwana Makame akageukia dirishani, kwenye maji yaliyofunguka mapema.

Mwanakheri akainuka, akamshika Rukia mkono. "Ingia ndani, mchongezi wewe. Kunde zimeiva, tule."